Sifuri Iko Ukingoni

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na asubuhi ile ya mafuriko sikuwa na subira hata ya kumeza mate. Nilikuwa nimesimama ukingoni mwa mto, kijijini kwetu Hewani, rimoti ya droni mikononi, nikimtukana mdogo wangu wa tumbo moja aliyekuwa ng'ambo ya mto na hawezi kunisikia. Mama yetu alikuwa nyuma yangu. Yeye alinisikia vizuri tu.

Mdogo wangu alikuwa amelala shambani, juu ya dungu, lile jukwaa la miti tunalopanda kuamia ndege wa mpunga. Upande ule wa ng'ambo ni wa chini. Kabla ya mapambazuko mto ulipasua ukingo kule, ukaingia mashambani, ukachukua na mtumbwi wake. Alipiga simu kukiwa bado kuna giza kidogo. Maji yako chini ya miguu yangu, alisema, kifua kimebana, pampu ya pumu nimeiacha nyumbani dirishani. Alikuwa anasema maneno mawili, anavuta pumzi, anasema mengine mawili. Kisha simu ikakatika na haikupatikana tena.

Pumu anayo tangu utotoni. Nimewahi kumwona midomo imebadilika rangi, mimi dada yake nikambeba mgongoni hadi zahanati nikilia njia nzima, na sikutaka kuyaona tena.

Boti ya uokoaji ilikuwa mjini Garsen. Tuliambiwa inakuja. Inakuja, haya, lakini saa ngapi? Hakuna aliyejua, maana mto ulikuwa umejaa magogo, na viboko nao walikuwa wametawanyika ovyo. Jirani yetu mmoja alijaribu kuvuka kwa mtumbwi wake, mkondo ukamrudisha kabla hajafika katikati. Alitoka majini akitetemeka, akaniomba radhi. Nilimwambia hana kosa, lakini sikumwangalia usoni.

Droni nilikuwa nayo. Ndiyo kazi yangu, kupima mashamba ya mpunga kule Minjila kwa picha za kutoka juu. Pampu ya pumu ni kitu chepesi, hata droni ndogo inakibeba. Nikaiviringisha ndani ya mfuko wa nailoni isilowe, nikaifunga kwenye mshipi wa kuvulia samaki wenye urefu wa mita mbili, nikauning'iniza chini ya droni ili mapanga yake yanayozunguka yasije yakamkata mdogo wangu mikono. Nikairusha kutoka juu kabisa ya ukingo, pale wanawake wanapoanzia kushuka kuteka maji.

"Itamfikia?" mama akauliza.

"Mama, hii ndiyo kazi yangu."

Ikavuka. Mwendo wa kama viwanja vitatu vya mpira, maji matupu, rangi ya chai ya maziwa. Kwenye skrini nililiona dungu, halafu nikamwona yeye, amechuchumaa, mikono juu ya magoti, mabega yakipanda na kushuka. Alipoisikia droni akasimama. Moyo wangu ulitulia kidogo, nikaanza kuishusha. Kumi. Nane. Sita. Nne.

Hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Droni iko mita nne juu ya maji, toa mbili za mshipi, mzigo unabaki mita mbili. Maji yalikuwa yanagusa sakafu ya dungu, kwa hiyo mita mbili ni pale mkono wa mtu mzima unapofika akiunyoosha. Nikaisimamisha juu ya kichwa chake.

Akanyoosha mkono. Kwenye skrini mfuko ulikuwa umekaa juu ya kiganja chake hasa, umekifunika. Lakini hakuushika. Akapunga mkono, akaufungua na kuufunga, akapunga tena. Nikasogeza droni kushoto kidogo, nikairudisha kulia. Mfuko ukapita juu ya vidole vyake, na vidole vikafumba hewa.

"Shika basi," nikasema. "Kitu kiko mkononi, unashindwa nini? Wewe nawe tangu zamani, mpaka utafuniwe."

Ndiyo maneno niliyosema. Nilimwambia hivyo mtu asiye na pumzi.

Rimoti ikaanza kulia, betri inapungua. Nilikuwa natembea huku na huku pale ukingoni, hatua tatu mbele, tatu nyuma, vidole gumba vimelowa jasho. Mdogo wangu akashusha mkono. Akakaa. Halafu, mbele ya macho yangu, akaanza kufunga vifungo vya shati lake, kimoja kimoja, polepole, akajifuta uso kwa kiganja.

Nikapandwa na wazimu. "Mama, njoo uone mwanao. Pumzi hana, lakini anafunga vifungo. Tunahangaika hapa, yeye anavaa."

Mama alikuja, akaangalia skrini kwa muda. Akaweka kidole kwenye ile namba iliyokuwa pembeni.

"Hii nne, ni nne kutoka wapi?"

"Kutoka chini."

"Chini wapi?"

"Mama, niache nifanye kazi."

Sijawahi kumjibu mama yangu hivyo mbele za watu, na majirani walikuwepo. Akaniacha. Akashuka kwenye ngazi za maji, nikamsikia akihema, kisha akapanda tena. "Zimebaki kumi," akasema.

Mgeni lazima aelezwe hizo ngazi. Kila kiangazi mto unaposhuka, wanawake wa kwetu huchonga ngazi kwenye udongo wa ukingo kwa jembe, kila moja kimo cha mkono mmoja, kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, ili wateke maji bila kuteleza. Mto ukianza kujaa, hakuna anayeuliza umefika mita ngapi. Wanahesabu zilizo kavu. Leo zimebaki kumi na nne, leo zimebaki kumi na mbili. Mama amehesabu hivyo tangu alipoolewa, na mimi nimezaliwa nikisikia, nikaona ni mazungumzo ya wanawake kisimani tu.

Nilitaka kumwuliza kumi za nini, tena kwa ukali. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Ndipo nikaelewa.

Droni haijui maji. Inahesabu kutoka pale ilipoinukia. Sifuri yake ilikuwa pale nilipokuwa nimesimama, juu ya ukingo, si kule kwenye dungu. Kule juu ya maji hakukuwa na cha kuirekebisha, kwa maana jicho lake la tumboni, lile la kupimia umbali, likitazama maji yanayotembea halioni kitu. Kumi za mama ni mita tano. Nne na tano ni tisa. Toa mshipi, mfuko wenye pumzi za mdogo wangu ulikuwa mita saba juu ya maji, kama embe la tawi la juu, na kamera inayotazama moja kwa moja chini ilikuwa inanidanganya kwamba uko kiganjani mwake. Minjila sikuwahi kupatwa na kosa hili. Kule ni tambarare kama meza. Unaporushia na unapoelekea ni usawa mmoja, sifuri iko kila mahali. Sisi watu wa bondeni tunasahau kwamba kuna juu.

Kwa hiyo nishuke. Nikaanza. Tatu, mbili, moja. Kwenye sifuri vidole vikagoma. Tangu nianze kazi hii, sifuri ni chini, ni kuvunjika. Na namba niliyohitaji, nne toa tano, ilikuwa moja chini ya sifuri, ile yenye kimstari mbele. Sikuwahi kuiona. Rimoti ilikuwa inalia bila kupumua.

"Mbona umesimama?" mama akauliza.

"Nikikosea naizamisha pamoja na dawa."

"Shuka."

"Mama, kama ngazi si sawasawa?"

"Nilizichonga mimi kwa mkono wangu huu. Shuka, mwanangu."

Nikashuka. Kimstari kikatokea mbele ya moja. Mfuko ukaning'inia juu kidogo ya kichwa cha mdogo wangu, nikamwona akiinuka, mikono yote miwili ikaukamata kwa nguvu, akauvuta kifuani. Mshipi haukukatika. Droni ikalala upande, maji yakajaa skrini, kisha ikawa nyeusi.

Sikuihuzunikia droni. Kilichonitesa ni kutojua. Ameufungua mfuko? Vidole vilikuwa na nguvu ya kuufungua? Pampu ilikuwa na dawa ndani au nilibeba iliyokwisha? Sikuitikisa kabla ya kuifunga, kwa haraka zangu. Nikawa naenda hadi barabarani kuulizia habari za boti, narudi ukingoni, naenda tena. Mama aliniambia niketi mara mbili, mara ya tatu akaacha. Yeye alikuwa amekaa juu ya ngazi ya kwanza, macho ng'ambo. Kila nikirudi ananiambia tu, tisa. Baadaye, nane.

Boti ilifika jua limeshapita utosini. Ilikwenda, ikakawia, ikarudi, na ndani yake mdogo wangu alikuwa ameketi, amejifunika turubai, pampu ameishika ngumini kama mtu aliyeambiwa ataporwa. Mama alimpokea kwa mikono miwili, akamgusa uso, akamwambia twende ukale.

Alipomaliza kikombe cha pili cha chai jikoni, sauti ikaanza kumrudia. Mimi hasira zilikuwa bado hazijapata pa kwenda, na labda ni hofu ndiyo iliyokuwa inasema.

"Ulikaa chini kwa nini?" nikamwuliza. "Mimi nakuhangaikia, wewe unafunga vifungo."

Akaona haya. Akaangalia kikombe.

"Nilikupungia ushuke, dada. Hukushuka. Kile kidude kilichoning'inia sikujua ni nini, kilikuwa juu mno. Nikadhani basi, huwezi kuniletea kitu, umekuja kunipiga picha. Nikasema mama asije akaniona kwa mara ya mwisho niko kifua wazi."

Mama aliweka sufuria chini, akatoka nje. Nilimsikia akilia nyuma ya jiko, yeye ambaye ukingoni hakutoa hata chozi moja.

"Nisamehe," nikamwambia mdogo wangu.

"Ya nini, dada? Si ulishuka."