Waya wa Kabati la Tatu

Usiku ule, gauni langu jekundu la sherehe likiwa limeshapigwa pasi na kutundikwa nyuma ya mlango, Fundi Nyenza alikuja kunipiga. Sikukosea kusema. Wenzangu wakiota marehemu wao hupewa pole na baraka. Wangu mimi alikuja na spana mkononi.

Nieleze kwanza, maana bila haya ndoto haieleweki. Naitwa Tunu, ni mtafiti wa nishati ya jua chuo kikuu, na ulimi wangu ni mkali, sifichi. Fundi Nyenza alikuwa fundi sanifu wa maabara yetu ya betri. Profesa alitufundisha mahesabu, lakini Fundi ndiye aliyetufundisha tusife. Sheria yake ilikuwa moja: waya wowote wa muda, hata kama ni wa dakika mbili, lazima uvae nguo. Alikuwa amechana khanga nyekundu kuukuu ya mkewe vipande vipande, akavijaza kwenye kopo la rangi. Ukiunga waya wa kujaribia kitu, unafunga kipande. Kabla ya kuwasha chochote yeye huzunguka akitafuta nyekundu. Asipoiona, anawasha. Maabara nzima tuliishi hivyo.

Mwezi mmoja kabla ya ndoto, maabara ililipuka mchana kweupe, na Fundi alikuwa ndani. Ripoti ikaandika kwamba chanzo ni uzembe wa fundi. Nami nikaisaini.

Basi, ndoto yenyewe. Naingia maabara, na paa limerudi mahali pake. Fundi ameketi kwenye stuli yake, amenipa mgongo, kavaa lile shati lake la buluu. Nilifurahi jamani! Nikamwambia, "Shikamoo, Fundi!" Hakuitikia. Miaka yote ile hakuwahi kuiacha shikamoo yangu hewani. Akageuka. Upande mmoja wa uso ulikuwa wake. Upande wa pili niliuona siku ile walipomtoa, na ndotoni ulikuwa bado unatoa moshi.

Akanikaba shingo kwa mkono mmoja. Mkono ulikuwa wa moto kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Akanibamiza ukutani, akanibamiza tena, rafu ikaanguka na vioo vikanichana mgongo. Mimi nami si mtu wa kupigwa nikanyamaza. Nikampiga teke. Nikamng'ata mkono hadi nikaonja majivu. Nikamtukana tusi ambalo sijawahi kumtukana mtu mzima. "Sikukuua mimi!" napiga kelele. "Niache! Sikukuua mimi!" Yeye anapiga tu, na machozi yanamtoka kwenye lile jicho zima.

Halafu akaacha. Akaniuliza taratibu, vile alivyokuwa akituuliza tukiunguza kifaa: "Makabati yalikuwa mangapi?"

"Mawili," nikasema.

Akanishika kidole cha shahada akakivunja. Kililia kama kijiti cha kiberiti.

"Mangapi?"

Ukuta ukapotea na nikajiona mimi mwenyewe, kwa nyuma, nimeinama kwenye makabati ya betri tuliyokuwa tumeyatengeneza kwa ajili ya kuwasha taa za shule. Ni mchana wa siku ile ile. Ndani ya kila kabati kuna kifaa kidogo cha ulinzi kinachokata umeme betri zikipata moto kupita kiasi. Joto la mchana lilikuwa linakifanya kikate kila mara, na kila kikikata, mstari wa grafu yangu unakatika. Nilihitaji mstari mmoja ulionyooka, niuweke kwenye tasnifu yangu. Kwa hiyo najiona naunga waya mfupi mweupe unaokiruka kile kifaa, ili umeme upite bila kuulizwa na mtu. Kabati la kwanza. Kabati la pili. Kabati la tatu. Kopo la khanga liko pale pale, nikinyoosha mkono nalifikia. Najisikia nikisema, njaa imenishika, nikitoka kula nitafunga vitambaa.

"Funga!" nikamwambia yule mimi. Nikamvuta nywele, nikampiga ngumi za mgongo kwa mkono wangu mzima. "Funga, we mpumbavu, funga!" Akajifuta jasho, akachukua pochi yake, akatoka kwenda kula wali maharage.

Na Fundi anaingia. Anazunguka, anachungulia, anatafuta nyekundu. Haoni. Ananyoosha mkono kwenye swichi.

Moto haukuwahi kunifikia, kwa sababu tulikuwa tayari mahali pengine. Ni bweni la wasichana, ile shule ambayo kesho yake tulikuwa tunaikabidhi kabati. Kabati lenyewe liko chini ya ngazi, limepakwa rangi ya kijani, lina kibandiko cha chuo. Linavuma. Mlango wake unavimba kama tumbo la ng'ombe aliyekufa. Natapatapa nilifikie, lakini Fundi kanibana nje ya dirisha, uso wangu ameugandamiza kwenye nondo. Kabati likapasuka. Ngazi zikashika moto. Wasichana waliamka wakikimbilia mlango mmoja, wakikanyagana, mwingine nywele zinawaka, na mmoja akapitisha mkono kwenye nondo akanishika shati. Kucha zake zilikuwa na hina. Namvuta, nondo haziachii, ngozi ya mkono wake inabaki mikononi mwangu.

"Fundi!" nililia. "Hawa wamekukosea nini?"

Akaniegemea sikioni. Sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

"Mimi nilitafuta nyekundu, Tunu."

Nikaamka.

Kidole kilikuwa kizima. Shingo ilikuwa nzima. Nilikuwa sakafuni, nimelivuta gauni pale mlangoni na kulikumbatia, na jimbi la jirani linawika. Nikakaa pale pale kwenye saruji nikilia kwa sauti, kwa sababu nilikuwa nimeshajua. Kabati la kwanza na la pili yaliungua pamoja na Fundi. La tatu lilikuwa limetolewa nje kwenda kupakwa rangi nilipokuwa nakula. Mwezi mzima nilijiambia kwamba waya wake niliuchomoa. Niliikumbuka hata koleo niliyotumia. Uongo mtupu. Wakati wa ukaguzi tulifungua mlango wa kabati, sote tukatafuta nyekundu kama tulivyozoea, hatukuiona, tukawasha taa chache zikawaka vizuri, tukagonga mhuri.

Nikampigia Profesa.

"Tunu, alfajiri yote hii? Kuna msiba?"

"Kabati lililoko shuleni lina waya wangu, Profesa. Na yale mengine yalikuwa nao. Fundi hakukosea kitu."

Akasema polepole, "Wahi kabla wageni hawajafika. Utoe huo waya, uutie mfukoni. Ripoti imeshafungwa, binti yangu. Usijimalize."

Nikajibu, "Sawa, Profesa." Ndiyo, nilimwambia sawa, Mungu anisamehe. Nikavaa lile gauni, nikabeba koleo, nikaondoka.

Matroni alinifungulia bweni akiwa na mswaki mdomoni. Nikazima swichi kuu, nikamwambia asiiguse hata akiamriwa na nani. Kisha nikapiga magoti chini ya ngazi na kufungua kabati la kijani. Waya ulikuwepo, nyuma ya kifaa, mfupi, mweupe katikati ya nyaya nyeupe. Juu yangu nawasikia wasichana wakicheka, wakigombea ndoo za kuogea.

Ule waya ulikuwa tayari mdomoni mwa koleo. Kukata ni kitendo cha sekunde moja. Bweni lingepona, sherehe ingefanyika, tasnifu ningeitetea, na Fundi Nyenza angebaki kaburini na jina la mzembe. Nikaitupa ile koleo ikagonga ngazi, nikashika pindo la gauni langu nikalichana kwa meno. Kile kipande nikakifunga kwenye waya. Kisha nikaacha mlango wa kabati wazi, nikakaa pembeni yake sakafuni kuwangoja watu.

Wakaja. Mkuu wa shule, wageni wa wizarani, Profesa na tai yake. Profesa aliona nyekundu, akaniangalia kama mtu aliyetemewa mate. Nyuma yao kabisa alikuwa mama Nyenza, mjane wa Fundi, aliyealikwa kwa heshima tu na kupewa kiti cha mwisho. Wengine waliuliza kile kitambaa ni cha nini. Yeye hakuuliza. Khanga ya lile kopo ilikuwa yake.

Akapita katikati ya wale wakubwa hadi mbele yangu.

"Mama," nikasema, "huu waya ni wangu. Na uliomuua baba ulikuwa wangu. Sikuuvika nguo. Yeye alitafuta, hakuona, akawasha. Hakusahau chochote, mama. Nimesaini uongo."

Alinizaba kofi nikaona giza. Akanizaba la pili, na hakuna aliyemshika. Kisha akainama chini ya ngazi, akavuta kile kitambaa kwa vidole viwili, na fundo langu likafunguka lenyewe.

"Alikuwa anafunga mara mbili," akasema, huku akilia, na akaanza kulifunga upya.