Ng'ombe wa Bosi Hakamuliwi Sokoni

Nakumbuka siku moja iliyonigharimu ndama dume wawili na koti la marehemu baba yangu. Ndama nilishawasamehe; hata ningebaki nao wangekuwa wameliwa zamani. Koti bado nalidai.

Nakueleza haya, mwanangu Gideoni, kwa sababu jana ulikuja hapa kwangu Rongai ukitaka mjomba wako akwambie neno moja tu: uende Nakuru kwenye mdahalo wa TV, ujibizane na wenzako wanaotafuta kiti cha ubunge, au ukae nyumbani. Sikukujibu. Nilikupa chai. Mtu wa soko hataji bei kabla hajamzunguka ng'ombe.

Aliyejibu ni yule kijana wako wa kampeni, mwenye simu mbili na miwani ya jua ndani ya nyumba.

"Mzee, sisi tuko mbele," akasema. "Mtu akiwa mbele anaenda debate kutafuta nini? Hao wengine ndio wanataka kiki. Mheshimiwa anajulikana. Na si hata wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza?"

Mkacheka. Nami nikacheka, lakini si pamoja nanyi. Methali hiyo nilishauziwa, kwa maneno hayo hayo, kabla mama yako hajaolewa.

Siku hizo nilikuwa broka, dalali wa ng'ombe, kijana mwembamba mwenye fimbo ndefu na maneno marefu zaidi. Soko letu lilikuwa na desturi yake. Ng'ombe wa maziwa akiletwa, mnunuzi huchuchumaa mwenyewe na kumkamua mbele ya watu. Si mwenye ng'ombe, ni mnunuzi. Chuchu zote nne lazima zitoe. Watu wanasimama duara, nusu yao hawana hata nia ya kununua, wamekuja kucheka tu. Hiyo ndiyo ilikuwa TV yetu, na haikuhitaji stima.

Basi Mama Tabitha akanituma. Alikuwa mjane, jirani yetu, na ng'ombe wake wa pekee alikuwa amekufa kwa homa. Watoto wake walisoma kwa maziwa. Ng'ombe akikosekana, shule nayo inakosekana. Akanipa pesa zikiwa zimefungwa kwenye leso, akasema, "Niletee ng'ombe. Usiniletee hadithi."

Nikafika sokoni nikapata wawili wa kutazama. Wa kwanza aliletwa na mzee mmoja wa huku huku kwetu: mwekundu, mdogo, pembe moja imepinda. Nilipochuchumaa kumkamua akarusha teke. Ndoo huko, mimi huku, maziwa yote kwenye suruali.

"Broka amebatizwa!" mtu akapiga kelele, na duara lote likaangua kicheko.

Yule mzee hakuona haya hata kidogo. "Mrudie, kijana," akaniambia polepole. "Anachukia mikono baridi. Ipashe kwanza."

Sikuipasha. Nilikuwa nimeaibika, na mtu aliyeaibika hanunui vizuri. Nikaenda kwa wa pili.

Huyo wa pili, mwanangu, alikuwa picha. Mkubwa, mweusi kwa mweupe, amepigwa brashi akang'aa, kamba yake mpya. Mwenyewe hakuja, alikuwa na shamba kubwa upande wa Njoro, akamtuma mchungaji wake. Nilipoinama, mchungaji akaweka fimbo kati yangu na kiwele.

"Simama, kijana. Ng'ombe wa bosi hakamuliwi sokoni."

"Kwa nini?"

"Huyu anajulikana. Hawa wengine ndio wa kujitembeza. Chema chajiuza."

Nikaona aibu kuuliza tena. Nilijiona ni mimi mshamba nisiyemjua ng'ombe anayejulikana. Tukaingia kwenye bei, na hapo nikajifariji: nikasema, akashuka, nikasema tena, akashuka tena. Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi. Leo najua kwamba muuzaji akishuka haraka namna ile, anayepiga mluzi wa kweli ni yeye.

Asubuhi Mama Tabitha akakalia kigoda chake, akaosha kiwele kwa maji ya moto, akaanza. Chuchu mbili zilitoa. Mbili zilikuwa zimekufa, ngumu kama kidole gumba. Alizijaribu kwa subira, mbele, nyuma, mbele tena. Watoto walikuwa wamesimama mlangoni na vikombe.

Hakunipigia kelele. Afadhali angepiga.

"Ulimkamua?" akauliza bila kugeuka.

"Hapana, Mama. Walisema anajulikana."

"Anajulikana na nani? Aliyekalia kigoda ni mimi."

Akainuka, akafuta mikono kwenye gauni, akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka uzeeni: "Kukamuliwa mbele ya watu hakumfanyi ng'ombe kuwa mzuri. Lakini aliyekataa kukamuliwa alikuwa amekwisha kukuambia yote. Wewe ndiye hukusikia."

Mchungaji hakuonekana tena sokoni, na bosi wa Njoro hakuwa mtu wa kubishiwa hodi na vijana kama mimi. Nikampa Mama Tabitha ndama wangu wawili awauze, aongeze, anunue mwingine. Pesa hazikutosha. Nikavua koti. Lilikuwa koti zito la baba, alilolivaa miaka yake ya machimbo kule Kariandusi. Ukiingiza mkono mfukoni ulitoka na vumbi jeupe. Nilidhani atakataa, kama mama wengine wanavyokataa ili ukose raha vizuri. Akalichukua.

"Siliuzi," akasema. "Nitalivaa nikikamua, ulione kila asubuhi. Siku utakapomleta mwenye ng'ombe, mkubwa, anayejulikana, akubali kwa hiari yake ng'ombe wake akamuliwe mbele ya watu, njoo uchukue koti lako."

Yule ng'ombe mwekundu? Alinunuliwa na mtu mwingine, aliyepasha mikono. Alimkamua miaka mingi, na kila nikipita pale kwake nilisalimiwa, "Sasa, Mbatizwa!"

Nimekaa sokoni maisha yangu yote. Nimewaona wanyonge wengi wakikubali ng'ombe wao kukamuliwa. Hawana la kufanya. Mkubwa, kwa hiari yake, sijampata hata mmoja. Mama Tabitha alikwenda zake, Mungu amrehemu, na koti liko kwa binti yake, limetundikwa nyuma ya mlango wa jikoni. Nikikutana naye kanisani ananiuliza, "Mzee, bado?" Najibu bado.

Sasa turudi kwako. Sikudanganyi kwamba anayeongea vizuri kwenye TV ndiye kiongozi. Nimewaona ng'ombe ambao wenye mali waliacha kuwakamua tangu jana yake ili kiwele kijae. Wakafika sokoni wanamwaga kama mfereji, na kesho yake kikombe kimoja. Debe tupu haliachi kuvuma, na siku hizi linavumia mbele ya kamera. Ndiyo maana mnunuzi mwenye akili hutazama meno, hutazama miguu, huuliza majirani. Mdahalo haumalizi kazi ya mpiga kura. Unaianza.

Unasema mwuliza maswali ana upande wake. Huenda. Mikono baridi ipo kila soko. Basi jadiliana, mwanangu! Nani alikukataza? Dai muda sawa kwa kila mmoja. Dai Kiswahili, ili mama anayeuza viazi kando ya barabara aelewe bila kutafsiriwa na mtoto wake. Dai maswali ya wananchi, yasiwe ya mtangazaji peke yake. Mimi ningedai hata kiti chenye mto. Bei hujadiliwa, soko halikimbiwi.

Unasema tena kazi yako inajieleza. Ikiwa inajieleza, itajieleza vizuri zaidi wewe ukiwa karibu.

Lakini nakujua tangu ukitambaa kwenye sakafu hii. Huogopi mtangazaji. Unaogopa swali moja: kisima cha shule. Ulikuwa mwenyekiti wa kamati, ukaahidi maji kabla ya mvua, na mabomba yamelala kwenye nyasi mpaka leo watoto wanayatumia kama benchi. Hiyo ndiyo chuchu yako iliyokufa, na jana hukuitaja hata mara moja, ingawa dirisha langu linaitazama shule.

Sikia siri ya soko, maana hii siiuzi kwa kila mtu. Ubovu ukiusema mwenyewe, mnunuzi hupunguza bei kidogo, tena hukuheshimu. Akiugundua akiwa amekalia kigoda, asubuhi, watoto wana vikombe mlangoni, huyo hakununui tena wewe wala ukoo wako. Simama pale, useme: kisima kilikwama, pesa zilikwama hapa, kosa langu ni hili, nitalirekebisha hivi. Watakucheka kidogo. Waache wacheke. Mimi nilibatizwa mbele ya soko zima na bado nakula ugali. Mficha uchi hazai, na mficha kisima hapati kura, au akizipata, atazipata kama nilivyompata ng'ombe wa Njoro.

Kwa hivyo nasaha yangu ni hii, na sitaipunguza hata ukibembeleza: nenda. Usiende kwa sababu utashinda mabishano, huenda usishinde. Nenda kwa sababu wale watu ndio watakaokalia kigoda miaka mitano, na wana haki ya kugusa kabla ya kulipa. Na yule kijana wa miwani mwambie chema chajiuza, ndiyo, lakini sokoni, mchana, mbele ya macho. Kilichobaki nyumbani hakijauzwa, kimesifiwa tu.

Mungu akupe ulimi usiokimbia mbele ya akili yako, na mgongo usiopinda ukiulizwa. Akupe maji kwenye kile kisima, uyanywe wa mwisho, baada ya watoto wote. Na wanaokucheka leo, akuwekee miaka ya kuwahudumia mpaka wachoke kucheka.

Watu wa TV wanataka jibu lako kesho. Ukikubali, pitia hapa kabla ya kwenda Nakuru, tupite pamoja kwa binti wa Mama Tabitha, umwambie kwa mdomo wako mwenyewe. Baridi ya Julai imenikalia mabegani, mwanangu, nami si kijana tena. Nikombolee koti langu.