Nishani Aliyoikana Mume Wangu

Mguu wa mume wangu ulianza kunuka nilipokuwa na mimba ya tatu. Kuuma haikuwa habari mpya. Ulikuwa ukiuma tangu anioe, na kwa mzaha tuliuita mgeni, maana maumivu yalikuja na kuondoka yatakavyo. Harufu ilikuwa jambo jingine. Nilichoma udi asubuhi na jioni, nikachemsha matambara ya kidonda kwa majivu, na bado nikirudi kutoka sokoni harufu ilinipokea mlangoni kabla yake. Nikaanza kuogopa kuingia nyumbani kwangu mwenyewe.

Tulikuwa tumepanga Igogo, nyumba ya juu kwenye mawe, ziwa unaliona ukiwa mlangoni. Yeye alikuwa fundi baiskeli, Msukuma wa Kisesa. Mimi nimezaliwa Mirongo, mtoto wa fundi cherehani, Mwislamu wa mjini ambaye ukimuuliza kabila lake atakuuliza unataka la baba, la mama au la bibi. Watu walinionya kwamba mwanamume aliyerudi kutoka vita vya Burma ana mambo yake. Nikawajibu kwamba na mimi nina yangu. Alisilimu, akanioa, na mama yake alilipokea hilo bila neno.

Daktari wa hospitali ya serikali aliubonyeza mguu, akasema ndani kuna vipande vya chuma na mfupa unaoza. Yeye, hapo Mwanza, angeweza kuukata tu, juu ya goti, na hata hivyo asingeahidi uhai. Lakini Nairobi kulikuwa na hospitali ya jeshi. Huko waliwapasua askari waliojeruhiwa mapiganoni, wakatoa chuma na kuwaachia miguu yao. Akaomba cheti cha jeshi. Mume wangu alikitoa mfukoni polepole, kama mtu anayetoa kitu cha wizi. Daktari akasoma, akanitazama mimi, akatazama mguu. Kwa mujibu wa cheti kile mume wangu alikuwa mpagazi, hakupigana popote, hana nishani yoyote, na mguu uliumizwa na sanduku lililomwangukia. Akauliza ni sanduku gani hilo linaloacha vyuma ndani ya nyama. Mume wangu akakikunja cheti, akakirudisha mfukoni.

Njia nzima sikumsemesha. Mimi nikikasirika huwa napiga kelele, kwa hiyo alijua kwamba siku hiyo si hasira. Tulipofika nikafunga mlango, nikakaa kitandani, nikamwambia aseme.

Akasema. Alipigana, tena mstari wa mbele. Ofisa wao alimwambia kule kule porini kwamba amependekezwa apewe nishani ya ushujaa. Lakini daftari za kikosi chao zilizama walipokuwa wakivuka mto, na siku ya kuachishwa jeshi kila askari alisimama mbele ya meza, akaeleza mwenyewe alifanya kazi gani, na mwenzake akamshuhudia. Zamu yake ilipofika akasema alibeba mizigo. Rafiki yake, Mhaya wa Bukoba aliyelala naye handaki moja, akamshuhudia kwamba ndiyo, alibeba mizigo.

Nikamuuliza kama ana wazimu. Wenzake wote walijiongezea vita, yeye akajipunguzia.

Hapo ndipo aliponieleza habari za kwao. Kwao mtu aliyeua mtu, hata kama ni vitani, haingii uani kwa mama yake mpaka aoshwe. Na haoshwi kimya kimya. Anasimama mbele ya ukoo, anasema alichokifanya, anamtaja marehemu kwa jina, ndipo maji ya dawa yanamwagwa. Akiingia bila kuoshwa, akala chungu kimoja na wenzake, damu ile inawafuata walio ndani ya nyumba, na inaanza na wadogo.

Jamani. Nilikuwa nimezika watoto wawili wa kike, wote kabla hawajaweza kukaa. Nikajiambia sisi watu wa Mirongo hatuna mambo hayo, mtoto anakufa kwa homa na kwa kudra ya Mungu. Mdomo wangu ulisema hivyo, lakini mkono ulikuwa umeshalifunika tumbo. Nikamuuliza kwa nini basi hakusema tangu mwanzo, akaoshwa, yakaisha. Alisema tu kwamba alirudi akakuta mdogo wake ameshazikwa na mama yake amekonda mno.

Huyo mdogo wake alikuwa kijana mzuri, wanasema, alikufa kwa homa wakati kaka yake yuko vitani. Mama mkwe alikuwa ameliweka jina lake kwa ajili ya mjukuu wa kiume. Kila alipokuja kututembelea aliweka kiganja tumboni kwangu na kuliita jina lile kwa sauti ya chini, kana kwamba mtoto yuko chumba cha pili na ataitika. Mimi nisiyependa kushikwa shikwa nilimwachia. Lilikuwa jina la mwanangu, nililizoea, na hata nilipokuwa peke yangu nikiosha vyombo nililiita.

Sasa chagua wewe. Tukinyamaza, Nairobi hawampokei, mguu unakatwa au unamuua. Tukisema, habari itafika Kisesa, na mama yake anajua kwamba mwanawe aliingia nyumbani na damu, akala naye miaka yote hiyo, na wajukuu wawili wako makaburini. Nililia, nikafuta uso, nikasema twende boma, ofisini kwa serikali. Sikuwa jasiri. Niliogopa ujane kuliko nilivyomwogopa mama mkwe.

Rafiki yake yule Mhaya alikuwa kuli bandarini, Mkatoliki mwenye rozari shingoni na maneno mengi. Alijua kwamba kukisahihisha cheti ni kukiri kuwa walisema uongo mbele ya jeshi, wote wawili. Aliniuliza wakifungwa kama nitawapelekea chakula gerezani. Nikamwambia nitampelekea mume wangu, yeye akaoe. Tukacheka kidogo, kicheko kikakatika.

Bwana Shauri, ofisa wa wilaya, alikuwa Mwingereza kijana, mwenye Kiswahili cha kitabuni. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kati ya maneno ya zamani na haya ya leo, moja ni uongo, naye atajua ni lipi. Ataandika jeshini, atamtafuta yule ofisa wao huko Ulaya. Na kwa kuwa watu wengi hutumia vyeti vya wengine, atamtuma tarishi Kisesa, habari isomwe barazani mbele ya jumbe na watu wote, ili wenyeji waseme kama mtu huyu ni wao. Mume wangu alishika ukingo wa meza. Nilidhani ni mguu.

Siku zile za kungoja sitaki kuzirudia, lakini ndizo ninazozikumbuka kuliko zote. Kila kiatu kilichogonga mawe nilijua ni askari wa boma. Kila lori la pamba lililoshuka kutoka njia ya Magu, ipitayo Kisesa, nilijua limembeba mama mkwe. Mtoto akicheza tumboni niliogopa, akitulia niliogopa zaidi, nikijigonga gonga ubavuni mpaka ajibu. Nilianza kumpakulia mume wangu chakula kwenye sahani yake peke yake. Tulikuwa tumekula sahani moja tangu harusi. Aliichukua akaenda kula mlangoni. Sema utakavyo, wewe hukuwa na tumbo langu.

Mama mkwe alikuja asubuhi. Hakubisha hodi. Nilipotoka kumwaga maji nilimkuta amekaa kwenye jiwe mbele ya nyumba, kanga imefungwa kiunoni, na nyuma yake amesimama baba mdogo wa mume wangu na kibuyu mkononi. Nilimpigia magoti, nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Nikabaki pale pale chini.

Akasema mwanawe atoke.

Alitoka na fimbo yake. Mama alimtazama miguu kwanza, kisha uso, akamuuliza kama yaliyosomwa barazani ni kweli.

"Ni kweli, mayu," akamwambia mama yake.

Nilingoja ageuke kwangu, ahesabu makaburi. Hakugeuka. Alimwambia shemeji yake aanze kazi aliyokuja kuifanya.

Tukaenda nyuma ya nyumba, kwenye mawe yanayoangalia ziwa. Nilikatazwa kusogea kwa sababu ya mimba, lakini nilisimama penye kona nikasikia yote. Baba mdogo alimvua shati, akamwambia aseme. Mume wangu akasema, akitazama maji. Walikuwa wamelala kando ya mto, yeye ndiye mlinzi. Alfajiri kijana mmoja wa upande wa pili akashuka mtoni na kopo. Bunduki yake iko mgongoni. Nyuma yake, vichakani, kulikuwa na wenzake wengi, na mume wangu aliwaona. Kama asingepiga, kikosi chake kizima kingekufa usingizini. Akapiga. Ndipo vita vikaanza, ndipo akapata vyuma vile mguuni, ndipo ofisa akasema nishani.

"Alikuwa anachota maji," alisema. "Alinitazama. Kopo lilikuwa bado halijajaa."

Baba mdogo akamwambia amtaje.

Mume wangu akasema hamjui. Baba mdogo akasema bila jina maji haya ni ya kunawia tu, hayafanyi kitu, watu wa kale walimjua kila waliyemuua kwa sababu walipigana na jirani. Fimbo ya mume wangu ikaanguka ikagonga mawe. Akasema hilo ndilo lililomfunga mdomo siku ile mbele ya meza. Angeweza kusimama mbele ya ukoo, angeweza kusema yote, lakini jina angelitoa wapi? Kijana hakusema neno. Nikaelewa kwamba alijihesabu kuwa mtu asiyeoshika, na kwamba alikuwa akila nasi miaka yote akiogopa kila kijiko, kuliko nilivyoogopa mimi kwa wiki chache. Niliona aibu, na hofu yangu haikupungua. Kama hakuoshika, mtoto wangu je?

Baba mdogo akakiweka kibuyu chini. Hakuwa mtu mbaya, ila utaratibu ulikuwa umemwishia.

Ndipo mama mkwe akauliza yule kijana alikuwa na umri gani.

"Kama mdogo wangu nilipomwacha."

Mama akainamisha kichwa. Kisha akainua uso akalitamka jina la mwanawe aliyekufa, kwa sauti, jina lile lile alilokuwa akiliita tumboni kwangu.

"Mpe hilo," alisema. "Hana mama hapa wa kumpa jingine."

Nilifungua mdomo. Wallahi nilitaka kusema hapana, hilo ni la mwanangu, tafuteni lingine. Mama mkwe akanitazama kwa mara ya kwanza asubuhi ile, na macho yake yalikuwa mekundu. Nikaufunga mdomo. Mume wangu akalitaja jina la mdogo wake, akasema ndiye aliyemuua, na baba mdogo akammwagia maji kuanzia kichwani. Alilia kwa sauti ambayo majirani waliijia wakidhani tumefiwa. Jioni yake nilipakua sahani moja. Tukala pamoja.

Bwana Shauri alipata majibu kutoka kwa ofisa wa zamani, akatoa barua ya muda, na mume wangu akapelekwa Nairobi. Mtoto alizaliwa hayupo. Alikuwa wa kiume. Mama mkwe alimpokea mwenyewe, akamfuta, akamtazama sana, na hakumwita chochote. Nilimpa jina la baba yangu. Kila homa ya mtoto yule ilinitoa roho, na kila aliposimama tena nilishukuru bila kujua namshukuru nani kwa lipi. Akavuka umri wa dada zake, akatembea, akaanza kunijibu jeuri. Baba yake alirudi akichechemea, miguu yote miwili ipo, harufu haipo.

Cheti chenyewe kilichelewa. Uhuru ulikuja, bendera ikabadilishwa, watu wakacheza ngoma mpaka miguu ikavimba, cheti bado. Tulipoitwa boma hatimaye, kwenye kiti alikaa karani Msukuma, mnene, mwenye heshima. Mama mkwe alisema lazima aje, ingawa alikuwa haoni vizuri tena. Nishani ilikuwa ndani ya kisanduku kidogo. Karani alisimama, akatusomea kwa Kiswahili neno baada ya neno: kwamba kumbukumbu zimesahihishwa, kwamba huyu si mpagazi bali askari aliyepigana, kwamba alijeruhiwa mapiganoni, na kwamba amepewa nishani ya ushujaa kwa kuwazuia maadui peke yake kando ya mto na kuwaokoa wenzake. Akampa mume wangu mkono. Mume wangu alisema asante, hakukifungua kisanduku.

Mama mkwe alikuwa amesikiliza hadi mwisho, mkono nyuma ya sikio. Akamuuliza karani kwa Kisukuma, polepole, kwa adabu:

"Na yule kijana wa mtoni, wamemwandika wapi?"

Karani aliirudia karatasi, akaisoma kimoyomoyo tangu juu, kisha akaigeuza kutazama upande wa pili.