Anayekosea Achote Maji

Niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo sijawahi kukaa kwenye kazi moja zaidi ya mwaka. Nimechomelea mageti Ngarenaro, nimelima vitunguu vya watu, nimeosha utumbo Levolosi kwa mama mmoja muuza supu. Lakini kazi niliyoipenda kuliko zote niliipata nikiwa nimeshapita miaka thelathini: kuchuna wanyama kwenye kambi ya uwindaji, kwenye nyanda kavu mbele ya Oldonyo Sambu.

Nilipewa wiki moja ya majaribio. Siku ya tatu nikatoboa ngozi ya shingo ya kongoni, ngozi ambayo mgeni alitaka kwenda kuitundika ukutani kwake. Mchunaji mkuu, mzee wa Kiarusha mwenye vidole vyembamba kama vya fundi saa, alipitisha kidole kwenye lile tundu, akakichezesha.

"Mheshimiwa, hili dirisha umelifungua la nini? Kongoni alikuwa anasikia joto?"

Wote walicheka, hata mimi. Kisha akaniambia kwamba Jumamosi lori la mahitaji litarudi mjini na kreti tupu, nami nitakuwa kreti mojawapo.

Sikutaka kuondoka. Nilikuwa nimenogewa na risasi. Mzee alikuwa na kopo la kahawa lililojaa risasi alizozitoa ndani ya wanyama, zile ambazo wageni hawakuzitaka. Jioni alizimwaga juu ya turubai, nami nikazigeuzageuza hadi chai ikapoa. Zile za madini laini zilizovikwa shaba hufunguka zikawa kama uyoga. Zikigonga mfupa kwa karibu, nyingine husambaratika na kuharibu nyama ya bega zima. Za shaba tupu hufungua majani manne kama ua na hazipungui uzito. Kwa swala pala hutokea upande wa pili zikaenda zao, usizione tena.

Kambini kulikuwa na desturi. Kabla ya kuchuna, mzee aligusa ngozi kwa ncha ya kisu na kusema, "Iko hapa." Mwenye wazo lingine aliruhusiwa kugusa pake. Anayekosea anachota maji ya kuoshea, kutoka tangi lililo chini ya kilima. Mzee, walisema, hajawahi kushika ndoo.

Ijumaa mchana gari lilileta pofu dume, swala mkubwa kuliko maksai yeyote niliyemwona. Mgeni, mstaafu mwenye masharubu meupe, alikuwa amempiga risasi mbili za shaba tupu. Ya pili ilipita kifuani ikalala chini ya ngozi upande wa pili. Mzee aligusa mara moja, akaitoa. Ya kwanza ndiyo ilikuwa na maneno. Pofu alikuwa akiondoka kwa mshazari, na risasi ikaingia nyuma ya mbavu za kushoto. Ilipaswa kufika bega la kulia, lakini hapakuwa na uvimbe wala tundu la kutokea. Mwindaji aliyemwongoza mgeni alisema imevunjikavunjika, haifai. Mgeni, aliyezichagua risasi hizo mwenyewe, alinuna kama aliyetukaniwa mama yake.

Mzee akagusa bega la kulia. "Iko hapa."

Mimi nikagusa tumbo, shubiri moja tu mbele ya tundu.

"Mheshimiwa, hapo ni mlangoni. Unataka kuniambia iliingia ikakaa sebuleni?"

"Iko kwenye nyasi, baba."

"Nyasi! Hapa si Levolosi, hatuuzi supu."

Wachunaji wakachana bega vipande vipande. Hakuna kitu. Mimi nilikuwa nimeosha matumbo karibu mwaka mzima, na nilijua ng'ombe aliyeshiba anavyobeba nyasi: gunia zima, zimeloa, zimeshindiliwa. Nilijiuliza ni kitu gani kingepita humo kikabaki na mbio zake. Nikalivuta tumbo pembeni, nikalipasua, nikaanza kukamua nyasi konzi kwa konzi ndani ya karai la maji. Harufu ilimfanya mwindaji ahamishe kiti chake. Mgeni alisogea, akatazama, kisha akakunja mikono ya shati na kuchovya mikono yake pia.

Karai la tatu likalia: ti!

Ilikuwa nzima. Majani yote manne yamefunguka, na katikati yake nyasi zimesimama kama maua kwenye chombo. Mgeni aliinusa, akapiga chafya, akanikumbatia kwa mikono yake ya kijani. Mwindaji aliipima kiganjani, akakiri kwamba haikuvunjika hata kidogo, ilichoka tu.

Mzee aliichukua, akaigeuzageuza. "Miaka yote hii," akasema, "matumbo nawatupia fisi!"

Jumamosi asubuhi, Meru ikiwa wazi hadi kileleni, dereva wa lori alipiga honi akaniita nipande. Nilikuwa nimeshafunga begi. Mzee alikuwa anapanda kilima na ndoo mbili, kofia imeenda upande, anahema na kucheka kwa pamoja.

"Nenda zako wewe!" akamfokea dereva. "Kreti ulizopewa zinatosha. Huyu akiondoka, matumbo ataosha nani, mimi?"

Akatua ndoo mbele yangu, akachomoa kisu chake kidogo kiunoni, akanipa.

"Ila shingo usiguse."