Burashi Niliyoijaribu kwa Mbuzi wa Rodi

Kwetu ni Wasabato, kwa hivyo nywele husukwa Ijumaa kabla jua halijazama. Likishazama, hata ukikuta chawa wanacheza mpira kichwani, waachie uwanja mpaka kesho jioni.

Dada yangu wa miaka sita alikuwa amelipiga teke chanuo la mama mara mbili wiki hiyo. Nywele zake zilikuwa zimeshikana kama katani. Mama akachoka, akanunua wembe.

"Leo jua likifika kwa ule mparachichi na hazichaniki, nanyoa. Kesho ataimba kanisani na kipara."

Dada akaingia chini ya kitanda. Mimi, kidato cha tatu, niko likizo, kichwa changu mwenyewe laini kama sufuria, nikatangaza kwamba kazi hiyo ni yangu. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Nilikimbia hadi soko letu la Rodi Kopany. Muuza vipodozi, mzee Mwislamu aliyehamia huku kutoka Garissa, alikuwa anafunga duka aende swala ya Ijumaa.

"Burashi ya nani?" akaniuliza, macho kwenye upara wangu.

"Yangu, mzee. Nywele ziko njiani zinakuja."

Alinipa tatu. Ya kwanza ilikuwa na sindano ngumu. Nilipoibonyeza kiganjani iliniachia vidoti kama surua. Ya pili ilikuwa ya kulainisha nywele zilizokwisha kunyooka. Ya tatu ilikuwa ya plastiki, meno marefu kwa mafupi, ukiyabonyeza yanapinda halafu yanarudi. Nje kulikuwa na mbuzi amefungwa, ndevu zimejaa takataka. Nikamchana. Meno yakapenya polepole, na mbuzi hakuacha hata kutafuna.

"We kijana! Unachana mbuzi na mali yangu?"

"Nimenunua, mzee."

"Sasa lazima ununue!" Lakini alikuwa anacheka. Akitia kufuli, aliniambia nilowanishe nywele kwa maji na mafuta, nizishike karibu na shina, nianzie nchani. "Ukianza juu, unasukuma mafundo yote yawe fundo moja."

Hapo nikajua kosa la nyumbani: nywele kavu, haraka, na chanuo kutoka juu.

Niliosha burashi kwa sabuni mara mbili, nikamtoa dada chini ya kitanda, nikamkalisha kwenye kigoda nikimsimulia habari za mbuzi.

"Alilia?"

"Hata kidogo."

"Mimi nitanyamaza kumshinda."

Tulienda fungu kwa fungu. Kisogoni kulikuwa na fundo kubwa kama kokwa ya parachichi. Aliinua mguu kunipiga, nikasita, nikashika shina, nikaanza upya kwa ncha. Kivuli cha mparachichi kilikuwa kimeshafika mlangoni fundo lilipoachia.

Mama alitoka na wembe. Akaingiza vidole vyake, vikateleza hadi mwisho. Akarudia upande wa pili.

"Ulianzia wapi?"

"Nchani."

"Nchani," akasema polepole, kama mtu anayeonja chumvi. Kisha akavuta kiti. "Ondoka hapo, nyathina, mwanangu, nisuke kabla jua halijatuacha."

Sabato dada aliimba na mistari sita kichwani, imenyooka. Akina mama wakauliza nani alichana nywele hizo. Mama alinionyesha kwa midomo tu. Nikasimama, ili na wale wa viti vya nyuma waone.