Hermani Aliyeshinda Bila Kuguswa

Siku hizi mtu anazika mtoto asubuhi, jioni yuko kilabuni anagonga meza na kuitisha pombe nyingine. Zamani haikuwa hivyo. Katika nyumba za Wairaqw, kuanzia Mbulu hadi huku Gitting, mtoto akifa wazazi wake walikaa. Neno lilikuwa hilo tu: kukaa. Hawakumpa jirani mkono, hawakunywa kwenye chombo cha mtu mwingine, ng'ombe wao walichungwa peke yao, maji walichota mahali pao, mpaka wazee waseme imetosha. Wabarabaig wa tambarareni nao walikuwa na desturi ya namna hiyo, tena waliishika kwa ukali zaidi. Waliamini kifo hupita kwa kugusana.

Hermani Margwe wa Gitting aliyajua hayo tangu utotoni, na bado akajiona mjanja.

Alikuwa kijana wa misheni, mkulima wa viazi, mtu asiyetulia hata akiwa amelala. Akikaa kwenye kigoda goti linacheza. Akipalilia anasimama ghafla na kuyarushia mahindi ngumi. Ugonjwa huo alitiwa na Reginald, bwana afya aliyeletwa Katesh kutoka Tanga miaka michache baada ya uhuru, akiwa na jozi mbili za glavu kuukuu za ndondi. Reginald alilijaza gunia pumba, akalitundika kwenye ghala tupu, akawaita vijana.

Jioni moja kijana wa Kibarabaig, mrefu, shuka begani na fimbo mkononi, alichungulia mlangoni. Alikuwa ameleta ndama mnadani.

"Mnampiga nani humo?" aliuliza.

"Gunia," Hermani alijibu.

"Limewakosea nini?"

Ghala zima likacheka. Lakini Reginald aliiona ile mikono mirefu, akamwambia aweke fimbo chini. Huyo ndiye Gidahosh, kutoka upande wa Mogitu.

Tangu siku hiyo Hermani hakupata mwenzake mwingine wa kulingana naye. Leo alimwangusha Gidahosh, kesho aliangushwa yeye. Walipasuana midomo, kisha wakatembea pamoja njia nzima wakitukanana.

"Wewe mchimba viazi, ngumi zako zinanuka udongo."

"Nawe mfuata mikia, mbona leo ulianguka kama ndama mwenye kuhara?"

Gidahosh hakupita Gitting bila kuingia nyumbani kwa Hermani na kibuyu cha maziwa. Mke wa Hermani, Imakulata, alikipokea kwa mikono miwili na kumrudishia kikiwa na unga au maharage ndani, maana kurudisha chombo kitupu ilikuwa aibu. Hayo nayo yamekwisha. Leo maziwa yanapimwa kwa kikombe cha plastiki.

Ukaja mwaka ule wa kuhamia vijiji vya ujamaa. Watu waling'oa milango yao wakaibeba vichwani kwenda kujenga kwa mistari. Katikati ya vurugu hiyo zikaja habari kwamba sikukuu ya Saba Saba patakuwa na ngumi za ridhaa Katesh, na mshindi wa uzito wa kati atachukuliwa kwenye timu ya mkoa, Arusha.

"Nafasi ni moja," Reginald aliwaambia Hermani na Gidahosh. "Nyie ndio mtakaopanda, na mimi siwezi kumkata mtu vipande viwili. Mmalizane ulingoni."

Hermani hakulala vizuri tena. Arusha haikuwa shida yake sana. Shida yake ilikuwa kwamba hatimaye mtu mwenye mamlaka angeunyanyua mkono mmoja, na dunia nzima ingejua nani zaidi.

Siku chache kabla ya sikukuu, mtoto wake mchanga alishikwa na homa akafa.

Padri alikuja, wakazika. Mama yake Hermani alimwambia, "Sasa kaa, mwanangu. Wewe na mkeo."

"Mama, mimi ni Mkristo. Na Saba Saba hainisubiri."

Mwenyekiti wa kijiji, Emilian, alimuunga mkono. "Mambo ya kukaa ni ya kizamani. Kila mfiwa akikaa, shamba la kijiji atalima nani?"

Basi Hermani akatoka, akawaomba watu wasiutangaze msiba wake Katesh. Imakulata hakumbishia kwa maneno. Ila Gidahosh alipofika na kibuyu chake, Imakulata alirudi nyuma hatua kadhaa na kukunja mikono kifuani.

"Weka chini, shemeji."

Gidahosh alimtazama mwanamke yule, akatazama mlango, akamtazama Hermani aliyekuwa amesimama uani na glavu shingoni. Aliweka kibuyu chini, akageuka akaenda zake. Hakurudi kukichukua.

Hermani aliona kwamba Gidahosh amejua. Akajiambia: hatapanda. Nitapewa ushindi wa bure, na sitaki. Kisha akajiambia: ni afadhali. Kisha akabadilika tena. Hivyo ndivyo alivyozunguka mpaka siku yenyewe.

Gidahosh alipanda. Kengele ilipogongwa Hermani alimwendea kama fahali, akatupa kushoto, akatupa kulia, akapiga hewa. Gidahosh aliinama, akapinda, akateleza kando ya kamba. Hakurusha hata ngumi moja, na hakuguswa. Raundi ya pili vivyo hivyo. Hermani alikuwa anahema, jasho linamwingia machoni, na uso ule aliouzoea ulikuwa mbele yake tu, haushikiki, kama moshi.

"Amemwogopa mchimba viazi!" watu walipiga kelele. "Mbarabaig, rudi kwa ng'ombe!"

Mwamuzi alimwonya Gidahosh mara kadhaa kwa kukataa kupigana. Mwisho akaunyanyua mkono wa Hermani. Vijana wakambeba juu juu.

Alipoponyoka mikononi mwao alimkimbilia Gidahosh, aliyekuwa anajifunga shuka.

"Kwa nini ulipanda kama hutaki kupigana?"

"Ningebaki chini, wangesema nimekimbia," Gidahosh alijibu, akirudi nyuma ili wasisogeleane. "Nimepanda ili uone kwamba hunipati. Umeona?"

Hermani akainama kufungua kamba za glavu.

"Basi nenda Arusha."

Alikwenda. Mtu mmoja wa Moshi, ambaye hata jina lake hakulishika, alimlaza katika pambano la kwanza, akarudishwa nyumbani. Hakuna aliyemcheka. Kwa watu wa Gitting alikuwa bingwa wa wilaya, na Emilian alimtaja kwenye mikutano kama mfano wa kijana wa kisasa. Kila aliposifiwa, goti lake lilianza kucheza.

Akashindwa kuvumilia, akashuka Mogitu. Alimkuta Gidahosh machungani.

"Nimekuja tupigane. Hapa hapa, bila mwamuzi."

"Umekaa?"

"Sijakaa."

"Basi sikugusi."

"Gidahosh, hayo ni mambo ya wazee!"

"Mtoto alikuwa wa wazee?"

Swali hilo Hermani alilibeba njia nzima kupanda Gitting. Alipofika alimkuta Imakulata akichota maji peke yake kwenye kijito cha juu, mbali na bomba la kijiji, kama alivyofanya tangu mazishi. Alikuwa anakaa, peke yake, na mumewe hakuwa ameona. Hermani akaketi kando yake. Hakwenda nyumbani kwa mtu tena, hakusalimia kwa mkono.

Emilian alikuja kumwita kazini, akasimama mbali barabarani.

"Bingwa mzima unajifungia ndani? Nitakutoza faini!"

"Nitoze. Lakini usisogee."

Na Emilian, pamoja na hotuba zake zote, hakusogea.

Masika ilipita, mavuno yakapita. Wazee waliojua kuwatoa watu kwenye hali ile walikuwa wametawanywa kila mmoja kijiji chake, ikabidi mama yake Hermani awafuate mmoja mmoja kwa miguu. Walipokwisha kuwatoa, Hermani hakungoja hata pombe ya shughuli hiyo iishe. Alishuka mbio.

Huko Mogitu aliwakuta watu wa Gidahosh wakibomoa boma. Trekta zilikuwa zimelima malisho, nao walikuwa wanahamisha ng'ombe upande wa Singida. Gidahosh alimwona akija kwa mbali, akaangusha fimbo.

"Umekaa?"

"Nimekaa. Wametutoa sote wawili."

Gidahosh alivua shuka akampa mama yake. Kisha akampiga Hermani ngumi ya mdomo iliyomfanya aone nyota mchana. Hermani akacheka huku damu inatoka, akamrudishia moja ya mbavu, ikaingia. Walipigana ndani ya boma lililobomolewa nusu, ng'ombe wakiwakwepa, wanawake wakiwapigia kelele waache, safari inachelewa. Hermani alianguka, akainuka. Alianguka tena, na safari hii miguu ilikataa. Alibaki ameketi kwenye samadi, akihema.

"Nani zaidi?" Gidahosh aliuliza.

"Wewe, mfuata mikia."

Gidahosh akamshika mkono, akamvuta mpaka akasimama.