Glasi ya Fundi Bomba Haipinduliwi

Nimehudumu baa miaka ya kutosha kujua kwamba mwanamume anayekataa kitu ambacho hajakionja huwa anaogopa jambo jingine kabisa. Hilo sikufundishwa na mtu. Nimelisoma kwenye Meza ya Wazee, ile iliyo karibu na friji, ambayo mimi huifuta kila siku na sijawahi kukaribishwa kuikalia.

Meza hiyo ina sheria zake. Kila mzee ana glasi yake nene yenye mkono, inayoning'inia kwenye msumari wake ukutani. Ukivunja sheria, glasi yako inapinduliwa mezani, mdomo chini, na kiti chako ndiyo basi tena. Ila glasi yenye kitu ndani haipinduliwi, kwa sababu kwa wazee wale kumwaga bia ni dhambi kubwa kuliko zote. Mzee mmoja alipinduliwa glasi yake kwa kumwambia Mwenyekiti kuwa hadithi ile alishaisimulia jana. Kiti chake kiko wazi mpaka leo. Huyo Mwenyekiti aliwahi kuongoza chama cha wafanyakazi. Chama kilishakufa, cheo yeye hakukizika.

Niliyempenda pale mezani ni Fundi Bomba. Nusu ya mabomba ya mtaa huu yamepita mikononi mwake, na msemo wake ulikuwa mmoja tu: kinachovuja ni aibu ya fundi. Tangu afiwe na mkewe, kila jioni alikuwa kwetu. Siku moja nilimtania kwamba nyumbani kwake viti vitasahau sura yake. Akaniambia, "Dada, viti viko vinne, wakaaji wawili." Nikacheka, halafu nikaona yeye hacheki.

Mkaaji wa pili ni binti yake wa pekee. Alikuwa mpimaji kwenye maabara ya kiwanda kikubwa cha bia, kikapunguza watu, naye akapunguzwa. Hakukaa kulia. Aliiomba stoo ya baba yake, akahamisha mabomba ya zamani, akaanza kupika bia yake mwenyewe, ya mapera. Fundi ndiye aliyemfungia koki na mipira yote, na mbele yetu alijisifu mpaka tukachoka.

Sasa, bia ikichachuka hutoa hewa, na hewa lazima ipate pa kutokea. Binti alitoboa kifuniko cha pipa, akapitisha mpira mwembamba, akauzamisha upande wa pili kwenye chupa ya maji. Hewa ikawa inatoka taratibu, bwiku, bwiku. Siku binti alipotoka kutafuta chupa, Fundi akaingia stoo na kuona mapovu. Kwa fundi bomba, povu ni ishara ya kuvuja. Akazungushia tepu, akakaza, akaziba kila tundu, akaja baa ameridhika na nafsi yake.

Kesho yake kifuniko kiligonga bati. Mapera yalidondoka darini kama mvua. Fundi alipofika mezani, Kinyozi, anayekaa kiti cha jirani naye, akamtoa mbegu ya pera sikioni, na wazee wakacheka mpaka wakashika mbavu. Binti hakupiga kelele. Alizifuta kuta zile peke yake, akakataa hata kushikiwa ndoo, na hilo lilimuuma baba yake kuliko matusi.

Alipika tena. Safari hii baba mtu hakuruhusiwa hata kuchungulia stoo. Ilipoiva, binti akaja kwa bosi wangu. Baa nyingine zote mtaani zimefungwa na mikataba ya viwanda vikubwa, ikabaki yetu tu. Bosi, ambaye ni mwoga wa wateja, akamjibu, "Meza ya Wazee wakinywa, naiweka kwenye friji. Wakikataa, chukua chupa zako. Wanachokataa wale, humu hakiagizwi." Binti akamgeukia baba yake na kusema mbele yetu, "Ikishindikana, baba, naenda mbali kutafuta kazi. Siwezi kukaa bure." Fundi akainamisha kichwa. Mimi nilihesabu vile viti vinne moyoni.

Jumapili alasiri binti akaja na kreti. Akawamiminia wazee kwenye glasi ndogo. Ilikuwa na rangi ya waridi lililofifia, povu jeupe juu, na harufu ya mapera ikafika mpaka kaunta. Mwenyekiti hakugusa.

"Binti, hii ni juisi."

"Ni bia, mzee. Kimea, hopsi za kutia uchungu, hamira, na mapera."

"Matunda ni ya watoto na wagonjwa. Anayekunywa juisi kwenye meza hii, sheria anaijua."

Kinyozi aliinusa, akamtazama Mwenyekiti, akairudisha chini taratibu. Nikasema, si kwa sauti ndogo, "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake." Bosi akanitolea macho. Nami nikamtolea.

Ndipo Fundi akainua yake. Akapiga funda. Uso ukamkunjika wote, jicho moja likafumba.

"Chachu," akasema.

Mwenyekiti akapiga meza. "Umesikia, binti? Babako mwenyewe!"

"Sijamaliza," Fundi akasema. Akapiga funda la pili, akalizungusha mdomoni, akameza. "Pua inakwambia pera, unasubiri sukari. Sukari haipo. Unakuja uchachu hapa, chini ya ulimi. Halafu uchungu wa hopsi unatokea nyuma, polepole. Kisha mdomo unakauka, unataka tena."

"Umeipenda, baba?" Sauti ya binti ilikuwa nyembamba.

"Sijui bado, mwanangu. Nimezoea ile nyingine tangu hujazaliwa. Ila hii ni bia, na anayesema ni juisi ni mwongo."

Mwenyekiti akanielekeza ukutani kwa kidole. "Lete glasi yake."

Sikusogea. Nilishika kitambaa changu nikasimama palepale. Fundi akanyanyuka mwenyewe, akaitungua glasi yake, akaiweka mezani na kuijaza bia ya mapera mpaka juu.

"Ipindueni," akasema. "Ila sheria mnaijua. Ikiwa na kitu, haipinduliwi."

Akawa anakunywa kidogo kidogo, bila haraka. Ikipungua naongeza. Hakuna aliyeniagiza. Mwenyekiti alikaa na mkono juu ya meza kama paka mbele ya tundu, na tundu halikutoa panya. Jua lilipozama, muda ambao wazee huenda zao, Fundi akainuka na glasi mkononi, ndani mmebaki bia ya kina cha kidole kimoja.

"Hiyo glasi ni ya baa!" bosi akafoka.

"Imo bia, bosi. Ikiisha nitairudisha."

Akaondoka nayo barabarani, binti yake amemshika kiwiko.

Siku ya pili akarudi, glasi mkononi, imefunikwa na kisosi. Akakaa kwenye kiti chake. Mwenyekiti alirefusha shingo kuchungulia. Povu lilishakufa zamani, lakini bia ilikuwamo.

"Ongeza, dada."

"Hatuna hiyo," bosi akadakia.

"Tunayo," nikasema. Asubuhi nilizipanga chupa za binti zilizobaki jana kwenye friji, mstari wa mbele kabisa.

"Nani kakuruhusu?"

"Mteja ameagiza, bosi. Nimwambie hatuuzi bia?"

Bosi akamtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti akashusha pumzi na kuanza kwa upole, kama mtu anayesuluhisha ndoa. "Fundi, rafiki yangu, kweli utatuvunjia meza kwa ajili ya mapera?"

Binti alikuwa ameshafika mlangoni na kreti nyingine. Sidhani kama Fundi alimwona.

"Ile ya kwanza niliiziba mimi," Fundi akasema. "Kwa mikono hii. Nikaiua, na mwanangu akafuta kuta peke yake. Hii haizibwi na mtu. Si wewe, si meza yako."

Binti akaweka kreti chini. Akapita katikati ya wazee, akavuta kile kiti kilichokuwa wazi, akakaa kando ya baba yake na kumwekea mkono begani. Kinyozi akainamia glasi yake ili asicheke. Mwenyekiti akageuka ukutani akatafuta cha kupindua, msumari kwa msumari, lakini binti hakuwa na glasi pale.

Nikamletea moja, imejaa.